Tulivaa Jina Lake Mgongoni

Niliuma kalamu, nayo ikanipulizia moshi mdomoni.

Sisemi kwa mafumbo. Nilikuwa mezani jikoni kwangu nikifanya kazi niliyopewa na mwalimu wa darasa la watu wazima: kusoma ukurasa mzima na kuyapaka rangi maneno yote nisiyoyajua. Kalamu yangu ya rangi ilikuwa imekauka. Nikaingiza mkono katika begi la binti yangu Linnea, nikatoa ya kwake, ya waridi.

Nina tabia ya kuuma kalamu ninapofikiri.

Neno lililokuwa mbele yangu lilikuwa refu na gumu. Nikauma. Nikavuta pumzi ili nilitamke.

Taa ndogo ya buluu ikawaka chini ya pua yangu. Moshi mtamu, wenye ladha ya tikiti maji, ukanishuka kifuani kama moto uliopakwa sukari. Nilikohoa mpaka paka akahama jikoni.

Nilipoinua macho, Linnea alikuwa amesimama mlangoni. Ana miaka kumi na sita. Hakuniuliza kama nimeumia. Hata usoni hakunitazama. Macho yake yote yalikuwa kwenye kalamu.

"Mama, nipe."

"Hiki ni kitu gani?"

"Ni kidude tu. Nipe basi."

"Linnea, hii ni sigara ya umeme?"

"Mama, NIPE!"

Mtoto huyu hakuwahi kunipandishia sauti. Nikakitupa kidude chake katika beseni la vyombo, ndani ya maji niliyokuwa nimeyachemsha muda mfupi uliopita.

Akatumbukiza mkono.

Maji yale yalikuwa yakitoa mvuke, nami nilimwona akikipapasa chini ya sahani huku machozi yakimtoka kwa maumivu, na mkono asiutoe. Nikamshika kiuno nikamvuta. Mkono wake ulikuwa mwekundu kama kamba aliyepikwa.

"Siwezi kukaa bila hicho, Mama," alisema nilipokuwa nikimfunga kitambaa chenye barafu. "Usidhani sijajaribu. Ile Jumamosi niliyosema tumbo linaniuma, nilikuwa najaribu. Nilitetemeka kutwa. Nilitamani kumpiga mtu."

Hapo nikaelewa mambo mengi kwa mpigo. Nilielewa kwa nini aliamka kabla yetu sote na kufungua dirisha kwenye baridi. Nilielewa kwa nini alitoka kanisani kabla mahubiri hayajaisha, na kwa nini mikono ya sweta yake ilikuwa daima puani. Zaidi ya yote, nilielewa kwa nini yeye, aliyekuwa tegemeo la timu ya kuogelea ya shule yetu hapa Ahola, kaskazini mwa Minnesota, sasa alifika ukutani mwa bwawa akaning'inia kwenye kamba akihema kama mzee.

"Nani alikuanzishia?"

Akakikaza kitambaa mkononi.

"Nakuuliza, nani?"

"Wewe huwezi kuelewa, Mama. Acha tu."

Sikuacha. Nilifuta meza, nikafunga kitabu changu, na moyoni nikaweka nadhiri: yeyote aliyeuweka utamu huu katika kifua cha mwanangu, nami nitauweka uchungu katika chake, tena mbele za watu.

* * *

Timu yetu ina desturi moja. Mwanzoni mwa msimu, kila msichana huchovya mkono katika kofia ya kuogelea na kuokota jina la mwenzake. Kuanzia hapo anakuwa dada yake wa siri. Kabla ya kila mashindano humwandalia mfuko wa zawadi: bisi, peremende, bangili, maneno ya kumtia moyo. Mpokeaji hajui nani anampa mpaka karamu ya kufunga msimu. Siku hiyo hupokea mfuko wa mwisho, aliyeuleta husimama, na watu hukumbatiana na kulia.

Ili siri isivuje, mzazi mmoja huteuliwa kuwa mbeba mifuko. Wasichana huiacha kibarazani kwake, ndani ya kapu la kufulia, kila mfuko ukiwa na jina la mpokeaji tu. Yeye huipeleka kwenye karamu ya tambi, ambayo kila familia huiandaa kwa zamu. Sheria yake ni moja: hubeba, hafungui.

Mwaka huo mbeba mifuko nilikuwa mimi. Niliipenda kazi hiyo. Niliona nimeaminiwa.

Juma lile nilijificha nyuma ya pazia na kungoja mfuko wenye jina la Linnea.

Likaja gari jekundu. Akashuka Greta Ostby, amekumbatia mfuko kama mtu aliyebeba kifaranga. Akauweka kapuni, akatazama huku na huku, akaondoka.

Nikaifungua sheria na mfuko pamoja.

Kulikuwa na bisi, bangili ya shanga na jozi ya soksi za sufu. Nikaiminya soksi ya kushoto. Ndani yake kulikuwa na kalamu ya kijani, ndugu wa ile ya waridi.

Nilikaa chini palepale kibarazani. Mkono wangu mimi, mama yake, ndio uliokuwa ukimpelekea mwanangu sumu, tena nikitabasamu.

Na Greta alikuwa mtoto wa nani? Wa Jodell Ostby, mwenyekiti wa wazazi. Juma moja tu kabla ya hapo, katika mlo wa wazazi, mwanamke huyo alikuwa ameniambia mbele ya wenzetu, akinitilia mchuzi:

"Mama Linnea, mtoto wako siku hizi anaogelea kama gogo. Umemlisha mawe?"

Wakacheka. Nami nilicheka, kwa sababu mchuzi ulikuwa wake na sahani ilikuwa mkononi mwangu.

Sasa nikaichukua ile kalamu ya kijani, nikaurudisha mfuko kama ulivyokuwa, na kuupeleka nyumbani kwa akina Ostby, ambao zamu ya karamu ya tambi ilikuwa yao.

Nilikaa karibu na jokofu nikitazama. Linnea alifungua mfuko. Aliipita bisi, akaipita bangili. Akashika soksi ya kushoto, akaiminya, akaitikisa, akaigeuza nje ndani. Kisha akamtazama Greta. Greta, aliyekuwa na tambi mdomoni, akapandisha mabega: mimi niliweka.

Sikuhitaji shahidi mwingine.

"Mbona huli, Mama Linnea?" Jodell aliniuliza. "Au chakula chetu hakina hadhi?"

"Nakula, Mama Greta," nilimjibu. "Nakula polepole. Kitamu hakitaki haraka."

* * *

Nikaanza kukusanya.

Vidude vilivyokwisha nguvu nilivikuta nyuma ya mashine ya kukaushia nguo. Vingine vilikuwa ndani ya kasha la miwani ya kuogelea. Vingine alivishonea katika tumbo la dubu wake wa utotoni kwa uzi wa kuvulia samaki. Havikuwa na maandishi yoyote. Ungedhani ni kalamu za mtoto mwenye bidii. Nikavijaza katika kopo la kahawa.

Kila nilichokipata, Linnea alikuja na kingine. Alipokosa, alizunguka nyumbani kama mnyama aliyefungwa, akanitukana, kisha akalia akiniomba radhi. Nilimwambia tuende zahanati. Akasema akienda, kocha atajua, naye atatolewa katika timu. Basi nikasubiri karamu ya kufunga msimu, nikiamini kwamba nikimkata mwenye kumpa, uraibu nao utakatika.

Mfuko wa zawadi niliununua dukani kwa mzee Kolar, mwenye kuuza chambo na mafuta ya gari kando ya ziwa. Kwa hakika sikuununua. Alinikatalia.

"Chukua bure, Mama Linnea. Kwa timu, mimi sina mkono wa birika."

Hilo lilikuwa kweli kabisa. Fulana zetu zote, za wasichana na za wazazi, alizigharamia yeye, na mgongoni ziliandikwa kwa herufi kubwa: KOLAR, CHAMBO NA MAFUTA. Kiangazi kilichopita alimpa Linnea kazi ya kuhesabu vidagaa vya chambo. Nami nilimpelekea mkate wa kuviringisha wenye njugu na asali, ule ambao mama mkwe wangu hunifanya niusukume unga mpaka uwe mwembamba kama karatasi. Nilimshukuru kwa kumlea mtoto wangu.

"Linnea hajambo?" aliniuliza.

"Hajambo, mzee."

"Mwambie kiangazi kijacho nafasi yake ipo palepale. Binti mchangamfu yule."

Nilimshukuru tena.

* * *

Karamu ya kufunga msimu ilifanyika katika bwalo la shule. Kila familia ilileta bakuli lake la viazi na nyama ya kuoka, na kila mtu alivaa fulana yake. Mbele aliketi kocha, na kando yake mzee Kolar, ambaye angekabidhiwa picha ya timu iliyowekwa kwenye fremu.

Mifuko ya mwisho niliileta mimi, kama kawaida. Lakini mfuko wenye jina la Greta niliuacha ndani ya gari. Mahali pake niliweka wangu, ule wa bure. Juu nilitandaza karatasi laini za waridi. Chini yake kulikuwa na vyote vilivyotoka katika kopo la kahawa.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Greta angefungua na kuona uchafu wake mwenyewe mbele ya mama yake. Nami ningesimama na kusema maneno niliyokuwa nimeyaandika na kuyasoma mbele ya kioo mpaka nikayajua kwa moyo.

Zamu yake ikafika.

"Mimina mezani, tuone!" wenzake walishangilia.

Akamimina.

Vidude vikaporomoka juu ya kitambaa cha meza, kimoja kikabingirika mpaka kwenye bakuli la saladi. Jodell akaweka uma chini.

Nikaanza kuinuka.

Greta akaniwahi. Hakunitazama mimi, wala hakumtazama mama yake.

"Linnea," alisema, "ndiyo zawadi yako hii? Mbele ya watu wote?"

Mfuko wa Greta ulipaswa kutoka kwa dada yake wa siri. Dada huyo wa siri alikuwa Linnea, na kumbe wawili hao walikuwa wamejuana tangu mwanzo.

"Si mimi!" Linnea alipiga kelele. "Greta, naapa, sikuweka hivyo!"

"Nani tena kama si wewe? Cha kwanza alinipa nani? Si wewe, Septemba, ndani ya soksi? Ulisema kitanipunguzia woga wa mashindano! Sasa siwezi hata kumaliza somo moja bila kukimbilia chooni, halafu unakuja kunivua nguo hadharani?"

Mkuki niliouchonga kwa majuma yote hayo ulikuwa umepita juu ya kichwa cha mtoto wa Jodell na kurudi kuchoma kwangu.

Na soksi ile ya Septemba nani aliibeba? Mimi, tena nikitabasamu.

"Mama Linnea!" Jodell alikuwa amesimama. "Kumbe mwanao ndiye aliyemharibu wangu?"

"Niliyeweka hivyo ni mimi," nilisema. Maneno ya kwenye kioo yote yalikuwa yamenitoroka. "Mimi, si Linnea. Nilidhani Greta ndiye chanzo."

"Ulidhani! Ukamwanika mtoto wa watu kwa kudhani?"

"Mama, kaa," Linnea alisema polepole. Akasimama. "Kwa Greta, chanzo ni mimi. Nilikuwa nataka mtu wa kuwa naye, nisiwe peke yangu. Na mimi nilipewa. Kule kazini."

Kazi aliyowahi kufanya ilikuwa moja tu.

Vichwa vyote vikageuka kuelekea meza ya mbele. Mzee Kolar alikuwa ameshika kofia yake. Akacheka kile kicheko chake cha dukani.

"Watoto wa siku hizi, jamani! Wakibanwa, lazima watafute mzee wa kumbebesha. Mimi nauza chambo. Zile za tikiti maji zenyewe niliacha kuzileta tangu Agosti, hazikuwa na wateja."

Jodell Ostby ana ulimi mkali. Siku hiyo niliupenda.

"Mzee Kolar," alisema, "nani humu ndani ametaja tikiti maji?"

Kolar akaivaa kofia yake.

"Katika wazazi, ni mimi tu ninayeijua ladha yake," nilisema, "na sijamwambia mtu."

"Ni wewe unayetufungulia mlango wa nyuma," Greta alimwambia, akijifuta pua kwa kiganja. "Mimi na Linnea. Unasema tusipite mbele, kuna kamera."

Hakuna aliyemgusa mzee yule, wala aliyemtukana. Jodell alifanya jambo moja tu. Aliivua fulana yake palepale, akabaki na sweta yake ya ndani, akaigeuza nje ndani na kuivaa tena. Jina likalala ndani, lisionekane.

Kisha mimi. Kisha mama wa meza ya tatu. Kisha kocha mwenyewe. Wasichana wakazigeuza zao, baba zao wakafuata, hata bibi mmoja wa kiti cha magurudumu akaomba asaidiwe. Bwalo zima lilisikika kwa mchakacho wa nguo.

Kolar alitoka akipita katikati yetu. Picha yake ilibaki mezani. Hakuna aliyemkimbilia kumpa.

* * *

Ningeweza kuishia hapo, na wengi wenu mngepiga vigelegele. Lakini asubuhi iliyofuata kitanda cha Linnea kilikuwa kitupu.

Nilimtafuta kila mahali mpaka nikafika nyuma ya bwalo la shule. Gari la Jodell nalo lilikuwa likiingia. Alishuka na koti juu ya nguo za kulalia.

"Greta hayupo," alisema.

Tukasikia kitu kikigonga ndani ya pipa kubwa la takataka.

Walikuwa wamo humo wote wawili, Linnea na Greta, takataka zikiwafika kiunoni, mabaki ya viazi yamewaganda kwenye nywele. Walikuwa wakifukua vile vidude vilivyokwisha nguvu, wakivinyonya kimoja kimoja, labda kimebakiza chembe.

Kisasi kilikuwa kimenishibisha mimi. Wao walikuwa bado na njaa ileile.

"Ulimuumiza mtoto wangu," Jodell aliniambia, bila kuondoa macho pipani.

"Na wangu alimuumiza wako."

"Basi tumelipana?"

"Hatujalipana kitu, Mama Greta. Shika mguu huo, mimi nishike huu."

Tukawatoa. Tukawapeleka zahanati vivyo hivyo, wakinuka. Muuguzi hakuwauliza aibu yao. Aliwauliza wanavuta mara ngapi na wakiamka wanakitaka baada ya muda gani. Akawaeleza kwamba nikotini imekwisha kuifundisha akili yao kudai, kwamba watahitaji msaada na siyo matusi. Aliwapa plasta za kubandika begani, zenye dozi ya nikotini ya kupunguzwa kidogo kidogo, na mtu wa kuzungumza naye kila juma.

Haikuwa nyepesi. Greta alirudia, akaanza upya. Linnea alivunja mlango wa kabati. Lakini dada wa siri hawakuwa na siri tena. Kila mmoja aliendelea kumwandalia mwenzake mfuko: peremende kali, vijiti vya meno, uzi wa kusuka ili vidole vipate kazi. Wabeba mifuko tulikuwa Jodell na mimi. Na kila mfuko tuliufungua.

Kolar hakusamehewa. Wasichana walieleza yote mbele ya maofisa wa wilaya, naye akanyang'anywa kibali cha kuuza tumbaku ya aina yoyote. Ziwa lilipoganda na watu kutoka na vibanda vyao kuvua kwenye barafu, magari yalipita mlangoni kwake bila kupunguza mwendo.

Akaja kwangu. Alisimama kibarazani, palepale pa kapu.

"Mama Linnea, mnaniua. Nina familia."

"Na mimi ninayo."

"Ulikuwa mzaha tu wa kazini. Zilikuwa haziuziki, nikaona kuliko kuzitupa..."

"Hukuzitupa, mzee. Ulizitupia kifuani mwa mtoto."

Nikafunga mlango taratibu, kwa adabu, nikamsikia akishuka ngazi.

Kiangazi kilipofika, Linnea aliniomba nimsindikize ziwani. Alichagua gati linalotazamana na duka la Kolar. Alisimama ukingoni, akavuta pumzi moja ndefu, akazama. Maji yakatulia. Nami nilibana pumzi yangu pamoja naye, mpaka nikashindwa, nikahema. Yeye bado.

Akaibukia mbali, karibu na boya, mkono juu.

Niligeuka kulitazama dirisha la duka, ambako kulikuwa na kivuli cha mtu, nikapiga makofi. Niliyapiga kwa nguvu zote, mpaka viganja vikaniwasha.

Bado akipita mtu anayenukia tikiti maji, shingo ya binti yangu hugeuka yenyewe. Kisha huirudisha. Kazi hiyo ya kuirudisha haijaisha, na si mimi ninayeweza kumfanyia.

Wazazi wenzangu, wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilimtafuta adui nyuma ya pazia, katika magari ya wenzangu, katika mifuko ya watoto, na muda wote huo nilikuwa nimelivaa jina lake, tena nilikuwa nimelipiga pasi. Kabla hujamnyooshea kidole mtoto wa jirani, vua fulana yako, igeuze, usome kilichoandikwa mgongoni.